Ukiumia Kazini, Usikubali "Tuyamalize Wenyewe"

Kijana anayelisha mbao kwenye mashine ya randa katika karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, akikatwa vidole viwili, mambo hufuata mkondo unaojulikana. Wenzake humfunga kitambaa na kumpakia kwenye bajaji. Mwajiri hulipa bili ya hospitali ya karibu, tena mara nyingi kwa moyo mzuri. Jioni au kesho yake huja na bahasha: laki mbili, laki tatu, pole sana mdogo wangu, mambo haya tuyamalize wenyewe, hakuna haja ya kupelekana mbali. Kijana ana kodi ya chumba inayokaribia na mkono unaomuuma usiku kucha. Anaipokea, anatia sahihi, yanaisha.

Kumbe hayajaisha. Vidole havioti tena, na kazi ya useremala haifanywi kwa mkono mmoja na nusu. Miaka mitano baadaye zile laki tatu hazikumbukwi hata zilinunua nini.

Pole ya mwajiri ipokee kama ameitoa kwa nia njema, hakuna sheria inayoikataza. Ila usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umelipwa fidia yako yote. Kwa Tanzania Bara, fidia ya kuumia kazini haitoki mfukoni mwa bosi na haitegemei huruma yake. Inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake tatu, WCF. Mwajiri wako anapaswa kuwa anauchangia kila mwezi, uumie usiumie. Kukuficha hakumwokolei fedha kama anavyodhani, kwani alichokuwa alipe alikwisha kukilipa, au alipaswa awe amekilipa.

Fedha hiyo inatoka wapi

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015, na Julai 2016 ukaanza kulipa mafao. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia sheria iliyorithiwa kwa mkoloni, ambayo mtu aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi maishani mwake alikuwa na kikomo cha fidia cha shilingi 108,000. Wazee wengi waliofanya kazi viwandani na kwenye mashamba ya mkonge wanaikumbuka kwa uchungu, na nadhani hiyo ndiyo sababu hadi leo watu wanaona bahasha ya laki tatu ni ukarimu mkubwa.

Mchango unalipwa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara yote anayolipa mwajiri, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5, sawa na serikalini. Mwenye karakana inayolipa mishahara ya milioni kumi kwa mwezi anatoa shilingi elfu hamsini tu. Kwa hiyo ukiona kwenye slipu yako ya mshahara kuna makato yaliyoandikwa WCF, uliza. Makato ya NSSF au PSSSF ni halali kukatwa kwako, lakini ya fidia hayatakiwi kugusa mshahara wako hata senti.

Ni nani anayehusika

Mfanyakazi yeyote wa sekta ya umma au binafsi, hata kama mwajiri ana mtu mmoja tu. Mkataba wa maandishi si lazima. Makubaliano ya mdomo yanatosha mradi ipo kazi unayofanya chini ya maelekezo ya mtu na unalipwa. Kibarua wa saiti, mwanagenzi anayejifunza ufundi, dada wa kazi za nyumbani, mlinzi wa zamu ya usiku, wote wamo. Neno "wewe ni kibarua tu" ambalo wanyapara hupenda kulitupa halina nguvu hapa.

Asiyehusika ni anayejiajiri. Mwenye bodaboda yake anayejitafutia abiria hana mwajiri wa kumchangia, na akianguka atatafuta haki yake kwenye bima ya chombo au kwa aliyemgonga. Lakini dereva wa pikipiki aliyeajiriwa na kampuni ya kusambaza vifurushi, analipwa kwa mwezi na kupangiwa zamu, huyo ni mfanyakazi hata wakimwita "mshirika".

Zanzibar ina sheria yake ya fidia, kwa hiyo aliyeajiriwa Unguja au Pemba aanzie kwenye ofisi za kazi za huko.

Ajali ipi, ugonjwa upi

Msingi ni kwamba uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Huulizwi kwanza nani alikosea. Mashine ilikuwa mbovu, au wewe mwenyewe uliteleza kwa haraka zako, bado unastahili. Hili watu wengi hawalijui, wanakaa kimya kwa aibu kwamba "nilijikata mwenyewe". Kinachoweza kukuponza ni utovu wa nidhamu wa makusudi, kama kuingia kwenye mashine umelewa au kujiumiza kwa hila ili ulipwe. Uzembe wa kawaida wa binadamu aliyechoka saa kumi jioni si huo.

Safari nazo ziangalie. Ukiwa kwenye gari la kampuni linalowachukua wafanyakazi bure asubuhi, uko kazini. Ukitumwa benki au kwa mteja ukagongwa barabarani, uko kazini. Na ukiumia njiani kutoka nyumbani kwa usafiri wako mwenyewe, usijihukumu ukiwa kitandani kwamba hustahili. Toa taarifa, eleza njia na saa, uache wenye mamlaka waamue kwa maandishi. Ajali ya barabarani ina karatasi yake ya ziada: PF3 ya polisi na ripoti ya ajali, ambazo utaombwa hata na bima.

Magonjwa ndiyo yanayopotea zaidi kwa sababu hayatoi damu. Mtu amepasua mawe miaka kumi kwenye mgodi, vumbi limemjaa mapafuni, anatibiwa kifua kikuu mara ya pili na ya tatu bila kupona. Mwingine amesimama kando ya mtambo wa kuchambua pamba hadi haisikii tena adhana ya msikiti ulio mtaani kwake. Haya ni magonjwa yatokanayo na kazi, na yanafidiwa sawa na kidole kilichokatwa. Ukimwona daktari, usimweleze dalili peke yake. Mweleze unafanya kazi gani, kwa miaka mingapi, unashika kemikali gani, unavuta vumbi la nini. Daktari asiyejua kazi yako hawezi kuiandika kuwa chanzo cha ugonjwa. Na kama mwajiri alikupima afya ulipoanza kazi, matokeo yale ya mwanzo ni hazina, kwani yanaonyesha uliingia ukiwa mzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inawataka waajiri wapime wafanyakazi wao. Uliza majibu yako, ni yako.

Siku saba za mwanzo

Kwa maoni yangu dai linashinda au linaanguka ndani ya wiki ya kwanza, kabla hata fomu haijajazwa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu ajali au ugonjwa ulipomfikia. Wewe unatakiwa umwambie yeye mapema iwezekanavyo. Ukimwambia kwa mdomo, sawa, lakini siku ile ile mtumie na ujumbe wa simu, hata wa maneno machache: "Bosi, leo saa nne asubuhi nimekatwa na mashine ya randa mkono wa kulia, niko hospitali na fulani." Ujumbe huo una tarehe, saa na namba ya mpokeaji, na hauwezi kukanushwa kirahisi. Kama uko kwenye kundi la kazi la WhatsApp, uandike humo pia. Usifute.

Hospitali ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Mfanyakazi anafika mapokezi, anatoa kadi ya bima ya afya, anaulizwa "tatizo nini?" anajibu "nimekatwa". Kwenye faili panaandikwa jeraha la mkono, basi. Miezi mitatu baadaye mwajiri aliyebadilika moyo anasema kijana alijikata akipasua kuni kwao, na faili halina neno la kumkanusha. Kwa hiyo sema tangu mapokezi: nimeumia kazini, kwa fulani, saa fulani, na mwombe daktari aandike hivyo hivyo. Kama hali yako haikuruhusu kusema, aliyekusindikiza aseme.

Kuna karatasi ambazo usizitoe mkononi bila kubaki na nakala: risiti za dawa na vipimo, fomu ya kuruhusiwa hospitali, barua za mapumziko ambazo wengi tunaziita ED, na picha za eksirei. Zipige picha kwa simu zote, kisha mtumie ndugu unayemwamini, simu huibiwa. Risiti ni muhimu hata kama mwajiri ndiye aliyelipa, maana gharama za matibabu alizotoa anaweza kuzidai Mfukoni. Mwambie hivyo, kwa upole. Waajiri wengi wadogo hulainika wakijua kwamba fedha yao itarudi.

Wenzako waliokuwepo wakati wa ajali andika majina yao na namba zao kabla ya mwezi kuisha. Vibarua huhama, shahidi wako wa leo mwezi ujao yuko saiti ya Dodoma. Piga picha mashine, sakafu, ngazi iliyovunjika, kabla havijatengenezwa. Mwajiri makini hutengeneza haraka, na anafanya vema, lakini ushahidi wako nao unaondoka na mafundi.

Dai lenyewe lina muda wa miezi kumi na miwili. Usiutumie wote. Nimeona watu wanaopewa ahadi ya "subiri tufunge hesabu za mwaka", na mwaka ukifungwa, dai nalo linafungwa.

Unachostahili

Mafao ya Mfuko ni saba, ila mengi mtu huyasikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari ameumia.

La kwanza ni matibabu: hospitali, dawa, upasuaji, na viungo bandia pale vinapohitajika. La pili ni malipo ya ulemavu wa muda, yaani kipindi ambacho daktari amekuzuia kufanya kazi. Hapo unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako kwa mwezi, na kipindi hicho kinaweza kufika miezi 24. Aliyekuwa akipata laki saba, atapata laki nne na tisini. Hapa angalia jambo moja: mwajiri asikuandikie siku hizo kuwa likizo ya kawaida ya mwaka. Siku za kuuguza jeraha la kazini si likizo yako ya kwenda kijijini.

Ulemavu wa kudumu hupimwa matibabu yakishafika kikomo, pale daktari anapoona kwamba hali haitabadilika tena kwa kiasi cha maana. Madaktari wanaofanya tathmini hii hufuata mwongozo, na mwisho wake hutoka asilimia. Ikiwa haizidi 30, unalipwa kwa mkupuo mmoja. Ikizidi 30, unapata pensheni ya kila mwezi maisha yako yote, inayokokotolewa kwa asilimia 70 ya mshahara na kiwango cha ulemavu wako. Mstari huo wa 30 ni mzito sana. Ukipewa asilimia ambayo wewe na daktari wako mnaona ni ndogo kuliko hali halisi, usipuuze kwa kusema tofauti ni namba mbili tatu tu, kwa sababu namba hizo zinaweza kuwa tofauti ya fedha ya mara moja na pensheni ya kudumu. Omba maelezo, omba tathmini irudiwe.

Aliyeumia kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha ana malipo kwa ajili ya anayemhudumia. Mara nyingi huyo ni mke, mama au dada aliyeacha biashara yake, na familia haijui kwamba jasho lake linatambuliwa. Zipo pia huduma za utengamao, kuanzia mazoezi ya viungo na ushauri hadi mafunzo ya kazi nyingine ambayo mwili wako unaiweza. Kwa seremala aliyepoteza vidole hili si jambo dogo.

Mfanyakazi akifariki kwa ajali au ugonjwa wa kazini, Mfuko husaidia mazishi, na wategemezi hulipwa pensheni: mjane au mgane asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angestahili, kila mtoto asilimia 20, mradi jumla isivuke asilimia 100. Mtoto analipwa hadi miaka 18, au 21 akiwa masomoni. Mwenye ulemavu hana kikomo hicho. Hapa karatasi zinarudi tena. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo. Wanandoa walioishi miaka kumi na mitano bila cheti hujikuta wakithibitisha ndoa yao mbele ya shemeji wasiowataka. Kama watoto wako hawana vyeti, nenda RITA au kwa msajili wa wilaya wiki hii, ukiwa mzima.

Mshahara wa kwenye karatasi

Kila kiwango nilichokitaja kinahesabiwa kutokana na mshahara. Ni mshahara upi? Ule uliotangazwa. Kuna waajiri wanaolipa laki saba lakini kwenye vitabu wanaandika laki tatu ili wapunguze kodi na michango, na kuna wafanyakazi wanaoufurahia mpango huo kwa sababu nao makato yao yanapungua. Siku ya ajali asilimia 70 ya laki tatu ni 210,000. Mtu aliyezoea laki saba anakaa nyumbani na laki mbili na elfu kumi, ana majeraha, na bosi anasema mbona ulikubali mwenyewe.

Kama unalipwa kwa simu au benki, taarifa za miamala ni ushahidi wa kipato chako halisi, zitunze. Kama unalipwa mkononi, daftari lako dogo lenye tarehe na kiasi, pamoja na sahihi za kitabu cha mahudhurio, ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Mwajiri akigoma

Wengine hawajasajiliwa kabisa. Hilo ni kosa lao kisheria, na haliondoi haki yako. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF ya mkoa ukiwa na kitambulisho cha NIDA, faili la hospitali na chochote kinachoonyesha ulikuwa unafanya kazi pale: kitambulisho cha kazi, picha ukiwa na sare, miamala, mashahidi. Toa taarifa ya ajali, na taarifa kwamba mwajiri amegoma kujaza fomu. Mfuko unamfuata yeye kwa michango na faini. Wakati huo huo mjulishe afisa kazi na tawi la chama chako. TUICO wapo viwandani, TAMICO migodini na kwenye ujenzi, CHODAWU mahotelini na majumbani. Katibu wa tawi aliyewahi kufuatilia dai moja anajua mlango wa kugonga kuliko wakili asiyewahi.

Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, hilo ni shauri jingine, na linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda wake ni siku 30 tu tangu kuachishwa. Watu wengi huuguza jeraha siku 60 ndipo wakumbuke.

Usiporidhika na uamuzi wa Mfuko wenyewe, andika barua ya kupinga mapema, ueleze unapinga nini hasa, iwe ni kiwango cha ulemavu, hesabu ya mshahara au chanzo cha ajali. Barua yenye hoja moja iliyo wazi na vielelezo hufika mbali kuliko kurasa sita za malalamiko. Ngazi zikiisha, ipo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kwa aliye Kenya

Wafanyakazi wengi wanavuka Namanga na Holili kwenda na kurudi, hivyo wajue kwamba ng'ambo utaratibu ni mwingine. Kenya inatumia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu WIBA. Hakuna mfuko mmoja wa taifa; kila mwajiri anakata bima kwa kampuni ya bima. Taarifa ya ajali inapelekwa kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba, na kifo ndani ya saa 24. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Ukipinga uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60. Na tangu Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019, usikimbilie mahakamani moja kwa moja; dai linaanzia kwa Mkurugenzi, ndipo rufaa iende Mahakama ya Ajira.

Madalali

Mwisho, jihadhari na wanaozunguka hospitali na magengeni wakisema wana "mtu wao ndani" wa kuharakisha faili kwa asilimia kumi ya malipo. Kufungua dai la fidia hakulipiwi, fomu hazilipiwi, na malipo huingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Atakayekudai cha juu, awe dalali au mtumishi, piga TAKUKURU namba 113, ni bure.